Faili la bakapu la mysqldump linakataa kurudi, nafanyaje?

duka_chake
Asalaam alaykum. Mie niko Chake hapa Pemba, nna duka la vitabu na vifaa vya skuli, programu ya mauzo alinitengezea kijana mmoja miaka mitatu nyuma kisha keshakwenda zake Maskati na simu hapokei. Inatumia XAMPP (programu inayoleta MySQL, ile yenye kuweka databesi) kwenye Windows 10. Kila Ijumaa kabla sijafunga kwenda msikitini nafungua PowerShell (lile dirisha la Windows la kuandikia komandi), naingia C:\xampp\mysql\bin, nabandika komandi alonachia ya mysqldump, inayotoa nakala ya databesi:

`.\mysqldump -u root duka > D:\bakapu\duka.sql`

Faili latoka, mie moyo watulia, ndo mwendo wangu huo miaka yote. Sasa juzi umeme umekatika mara tatu asubuhi moja, uliporudi MySQL ikakataa kuwaka. Nikasema si neno, bakapu nnayo. Nimeazima laptopu ya shemegi, nimeweka XAMPP mpya, nikaunda databesi tupu nikajaribu kurudisha. PowerShell ikanikatalia alama ya < kabisa, nikahamia cmd, dirisha jengine la komandi la Windows, huko nako:

`ERROR: ASCII '\0' appeared in the statement, but this is not allowed unless option --binary-mode is enabled`

Nikaiweka hiyo --binary-mode kama inavotaka yenyewe, ikatoa kosa jengine mstari wa kwanza tu. Faili lina MB 46 na nikilifungua kwa Notepad naona kila kitu kimo, bei, madeni ya waalimu, yote. Kama kimo mbona hakirudi? Skuli zafunguliwa wiki ijayo na daftari la mkono sina. Nisaidieni jamani

kijana_darajani
Mzee usihangaike na sql, kwenye kompyuta yako ya zamani likopi folda zima la mysql\data ulitie kwenye XAMPP mpya basi, mie nshafanya mara nyingi inakubali

maalim_seva
Inakubali siku uliyobahatika. Hiyo ya data inataka MySQL iwe imezimwa vizuri na toleo liwe lile lile, na hapa imezimwa na umeme, si na mtu. Sie tulokuwepo Unguja Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu umeme wa bara haupo tunaendesha majenereta, tuliziona databesi za namna hiyo mpaka tukachoka. Lakini @duka_chake folda hilo likopi leo leo uliweke pembeni, usilifute wala usilijaribie kitu, huenda ukalihitaji.

Haya tuje kwenye faili. mysqldump yako haina kosa, alokufanyia hivi ni PowerShell. Ile alama ya > kwenye PowerShell inayokuja na Windows haipitishi maandishi kama yalivyo, inayasoma kwanza halafu inayaandika upya kwa UTF-16 (namna moja ya kuhifadhi herufi), kila herufi inakula baiti mbili, na kwa herufi za kawaida moja katika hizo mbili ni sifuri. Hiyo sifuri ndo '\0' unayolalamikiwa. Notepad inaifahamu UTF-16 ndo maana wewe unaona kila kitu kimo, MySQL haiifahamu. Na hiyo MB 46 yako ukweli wake ni kama 23 hivi.

Kabla sijakupa dawa, nambie: vitabu vyako vina majina ya Kiarabu humo ndani?

duka_chake
Vimo maalim, msahafu, juzuu za watoto wa chuo, tafsiri, karibu robo ya duka. Sasa umeniuliza ndo nimechungua, kwenye Notepad yale majina yamekuwa vitu vya ajabu, mistari na vijisanduku ╪ ╪ ╪. Yameshapotea?

maalim_seva
Hayajapotea, nnavoona. Ingekuwa Kiswahili kitupu ningekwambia fungua Notepad, seva upya kwa UTF-8 (namna ya herufi inayofahamika na MySQL), kwisha, maana herufi zetu hazina mikia wala vitone. Lakini Kiarabu PowerShell imekisoma kwa herufi za zamani za DOS kabla ya kukiandika, kwa hiyo ukiseva kwa Notepad utarudisha databesi yenye vijisanduku milele. Lazima uirudishe njia ile ile ilokuja. Likopi faili kwanza, kisha kwenye PowerShell (ile ile ya Windows, si toleo la 7):

`Get-Content duka.sql | Set-Content -Encoding Oem duka2.sql`

Kama laptopu ya shemegi ina mpangilio wa lugha sawa na kompyuta yako, Kiarabu kitarudi. Itachukua muda, usiifunge. Ikimaliza chungua mwisho wa faili, lazima kuwe na mstari unaoanza `-- Dump completed`. Usipokuwepo, faili limekatika njiani. Upo? Nenda cmd:

`mysql -u root --default-character-set=utf8mb4 duka < duka2.sql`

bi_mkoani
Mie naomba kuuliza la pembeni, kwa hiyo sie tunaotumia cmd tangu zamani tuko salama? Mana nimeshapata homa hapa

maalim_seva
Salama bi, cmd inapitisha baiti kama zilivyo. Ila mie nawaambia watu wote waachane na > waandike --result-file, mysqldump inaandika faili yenyewe na hakuna wa kuingilia kati, cmd au PowerShell sawa tu.

duka_chake
IMERUDI wallahi!! Juzuu Amma ileee naisoma kwa Kiarabu chake. Mstari wa Dump completed upo. Nimekosa mauzo ya Jumamosi mpaka Jumanne tu, hayo nna risiti nitayaingiza kwa mkono. Allah akulipe kheri maalim, sijui nikwambie nini. Sasa nambie Ijumaa hii niandike vipi

maalim_seva
`.\mysqldump -u root --single-transaction --routines --default-character-set=utf8mb4 --result-file=D:\bakapu\duka-ijumaa1.sql duka`

--single-transaction inakupa picha ya wakati mmoja hata kama kijana wako bado anauza pale mbele, ila inafaa kwa majedwali ya InnoDB, ya MyISAM haiyahusu (hizo ni namna mbili za MySQL kuhifadhi majedwali). Na badilisha jina kila wiki. Wewe ulikuwa unaandika juu ya faili lile lile, umeme ungekatika Ijumaa katikati ya kazi ungebaki huna jipya wala la zamani. Jengine, hiyo D: ni diski nyengine kweli au ni hiyo hiyo moja iliyokatwa vipande viwili?

duka_chake
Hiyo hiyo moja 🤦🏾‍♂️

bi_mkoani
Flashi shilingi ngapi hapo Chake jamani

duka_chake
Bi wee, nauza mwenyewe, zimejaa kabatini. Naitoa moja sasa hivi.