Ujerumani: namaliza masta na mkataba wa kazi ninao, nichukue Blue Card au ile miezi 18 kwanza?

Mgogo_wa_Chemnitz

Wakuu habari za mida hii. Naombeni ushauri kwa mlioko Ujerumani au mliowahi kupita hii njia. Nipo Chemnitz, masta ya lojistiki, tasnifu nimeshaitetea mwezi uliopita, cheti bado hakijatoka ila chuo kimenipa barua kwamba nimetimiza kila kitu. Kibali changu cha uanafunzi kinaisha 31 Machi 2026. Sasa kuna kampuni ndogo tu, nimekuwa nafanya nao kazi za saa chache toka mwaka jana, wamenipa mkataba wa kudumu kuanzia 1 Aprili, euro 3,800 kwa mwezi kabla ya makato, mshahara wa 13 hakuna. Washkaji wawili hapa wananiambia niombe kwanza kile kibali cha miezi 18 cha kutafuta kazi maana hakina masharti mengi halafu huko mbele ndo nibadilishe, mwingine kanikomalia Blue Card, kile kibali cha kazi cha wasomi chenye kima cha chini cha mshahara. Mke wangu na mtoto wa miaka mitatu wako Dodoma na kusema kweli hilo ndo linaninyima usingizi, wife hajasoma Kijerumani hata siku moja. Mimi nina B1, yani Kijerumani cha kati. Ingekuwa nyie mngefanyaje?

Dada_Leipzig

Hongera sana mdogo wangu, mkataba wa kudumu kabla hata cheti hakijatoka si kitu kidogo.

Ile miezi 18 wamewekewa ambao hawajapata kazi. Wewe umepata, sasa unatafuta nini tena? Ukiichukua utafanya kazi sawa, hata ya muda wote, ila muda huo hauhesabiwi kwenye ile njia fupi ya wataalamu ya kuomba ukaazi wa kudumu. Ukikaa humo mwaka mzima huo mwaka umeupoteza, utaanza kuhesabu upya siku unayoshika kibali cha mtaalamu.

Haya njoo kwenye hesabu. Blue Card kwa mwaka 2026 kiwango cha kawaida cha mshahara ni euro 50,700 kwa mwaka, ila aliyemaliza chuo ndani ya miaka 3 anaruhusiwa kuanzia 45,934.20. Wewe 3,800 mara 12 ni 45,600. Umepungukiwa euro 334 na senti 20 kwa mwaka mzima!! Yani hata 28 kwa mwezi haifiki. Rudi kwa bosi wako kabla hujasaini, mwambie aandike 3,830, hapo inakuja 45,960 na umepita. Iandikwe kwenye mshahara wenyewe, asikuambie atakulipa bonasi kampuni ikifanya vizuri, bonasi isiyo na uhakika hawaihesabu.

Na kuhusu shemeji, mwenza wa mtu mwenye Blue Card haombwi cheti cha Kijerumani kabla ya kuja, na akishafika anaruhusiwa kufanya kazi yoyote. Mimi mume wangu alikuja hivyo hivyo.

kamau_kassel

Niaje ndugu. Mimi sioni hiyo miezi 18 ni mbaya vile watu wanasema, ilinisaidia sana, nilimaliza bila kazi nikafanya kwa stoo usiku huku nikituma maombi, bila hiyo ningekuwa nimerudi Nakuru. Lakini ujue ukishatoka chuo ile bima ya bei ya wanafunzi inaisha, nilikuwa nalipa zaidi ya euro 200 kila mwezi kutoka mfukoni na wakati mwingine hiyo ndiyo ilikuwa pesa ya chakula. Kama uko na kontrakti sioni sababu ya kupitia huko.

Kitu mimi ningeuliza ni hii, wakikuachisha kazi ndani ya ile miezi sita ya majaribio na kibali kimefungwa kwa hiyo kazi, utafanya aje?

Dada_Leipzig

Kamau swali zuri. Kazi ikiisha unatakiwa uwajulishe ofisi ya wageni ndani ya wiki mbili, hawakufukuzi kesho yake, unapewa muda wa kutafuta nyingine. Hofu hiyo ninaielewa ila isimfanye mtu mwenye mkataba mkononi arudi nyuma.

Mzee_wa_Rhein

Wadau mmesema vizuri, niongeze mawili matatu. Bosi akikataa kuongeza usilie, kuna kibali cha mtaalamu cha kifungu cha 18b cha sheria ya ukaazi ya hapa, hicho hakina mstari wa mshahara kama Blue Card, wanachoangalia ni kwamba hulipwi chini ya wenzako wa kazi hiyo hiyo. Aliyesoma hapa hapa Ujerumani kwa 18b anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 2 akiwa na B1. Blue Card ni miezi 21 kwa B1, au 27 kwa mwenye A1 tu, Kijerumani cha mwanzo. Kwahiyo kwako wewe tofauti ni miezi mitatu, si kifo. Ila Blue Card ina jambo moja watu hawalitaji, unaweza kukaa nje ya Ulaya hadi miezi 12 kibali kisife, cha kawaida ni miezi 6. Mimi mama aliugua Moshi nikakaa naye miezi minane, nisingekuwa na Blue Card ningelazimika kuchagua.

Sasa hili lisikie vizuri kaka. TUMA MAOMBI KABLA YA 31 MACHI, hata cheti kisipokuwa kimetoka, weka hiyo barua ya chuo. Mimi nilingoja karatasi zote zikamilike, kibali kikaisha Ijumaa nikatuma Jumatatu, ofisi ya mji niliokuwa nakaa wakaniandikia sina haki ya kufanya kazi mpaka uamuzi utoke, wiki kumi na moja nimekaa ndani namwangalia mwenye nyumba usoni. Ukituma kabla, kibali cha zamani kinaendelea kuhesabika na unaomba karatasi ya Fiktion inayothibitisha hilo. Ila ni masharti yale yale ya mwanafunzi, siku 140 nzima au nusu siku 280 kwa mwaka, kwahiyo 1 Aprili Blue Card ikiwa haijatoka mwambie bosi uanze kwa nusu siku.

Mgogo_wa_Chemnitz

Aisee nawashukuru sana, hiyo ya 28 kwa mwezi imenikaa kichwani usiku kucha. Leo saa nne nimeenda kwa bosi na karatasi niliyopigia hesabu kwa kalamu, nikamwonyesha 45,600 na 45,934.20 zimekaa juu na chini, akaangalia akauliza "hii tu?" akampigia simu mhasibu hapo hapo. Mkataba mpya wa 3,830 unakuja Alhamisi. Maombi natuma Ijumaa na imeili ninaihifadhi. Wife nimemwambia aanze kufuatilia cheti cha ndoa na cha kuzaliwa cha mtoto pale RITA. Dada Leipzig, shemeji alipoenda ubalozini pale Umoja House vyeti vyake vilikuwa vimeshatafsiriwa Kijerumani au alitafsiria Dar?

Dada_Leipzig

Alitafsiri kabla hajaenda. Nitumie ujumbe jioni nikutajie aliyetufanyia.