Kipimo cha mashine ya randa hakilingani na unene wa ubao

Fundi wa Ngamiani, Tanga: Shikamooni wazee. Ninaranda mbao za mtiki kutoka Muheza. Kipimo cha mashine kinasoma milimita 20, lakini kalipa, kifaa cha kupimia unene, inaonyesha 20.6. Kasoro iko wapi?

Mzee wa Karakana: Marahaba, mwanangu. Visu vikibadilishwa, mshale wa kipimo nao hurekebishwa. Randa kipande cha ubao, kipime kwa kalipa, kisha legeza skrubu ya mshale na uusogeze hadi usome unene huohuo. Meza ikipanda kupita kiasi, ishushe zaidi ndipo uipandishe taratibu, ili ulegevu wa skrubu inayoinua meza usikupotoshe.

Mchonga Milango, Bagamoyo: Pima kingo zote mbili, mbali na ncha, kwani ncha huliwa zaidi na visu. Ukingo mmoja ukizidi, meza haiko sambamba na visu, na mshale hautakusaidia.

Fundi wa Ngamiani, Tanga: Nashukuru sana. Visu nilivibadilisha juzi.