Riwaya ya upelelezi ya vijana: msomaji anamjua mwizi mapema mno

Mkwaju_Mbichi
Wakuu, salaam. Naandika riwaya ya vijana, mandhari ni Bagamoyo. Jenereta la shule limeibwa. Mvulana wa kidato cha pili, miaka 14, anachapwa kisha anafukuzwa kwa ushahidi wa mlinzi, anayedai alimwona saa 4 usiku akilipakia kwenye ngalawa. Mwizi ni mlinzi huyohuyo. Kila aliyesoma mswada anamshuku kufikia sura ya tatu. Nimfiche vipi, na nini kimuumbue bila kuungama ghafla mwishoni?

Maji_Makupwa
Mwachie bahari kazi hiyo. Weka wizi usiku wa mwezi kumi na nne. Mlinzi aseme uso aliuona vizuri kwa mbalamwezi, na ngalawa ilikuwa ikielea karibu kabisa na ufuko. Msomaji ataamini kwa sababu ya ule mwanga. Kumbe mwezi mpevu ndio bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, na bamvua la pwani yetu hujaa kwenye saa 10 au 11, alfajiri na jioni. Saa 4 usiku maji yamekupwa, ngalawa zimekaa kwenye tope, na maji yenyewe yako mbali huko. Jenereta dogo tu lina kilo kama 40. Mtoto wa miaka 14 atalivusha tope peke yake?

Kidokezo kifukie sura ya pili: asubuhi ya siku ileile, saa 4, vijana wanacheza mpira kwenye mchanga uliokauka. Maji hukupwa mara mbili kwa siku, kwa hiyo usiku saa kama hiyo yatakuwa yamekupwa tena. Usieleze chochote hapo, elezea mabao tu.

Chaki_Nyeupe
Upande wa shule kuna dhahabu hujaitumia. Kanuni za viboko za 2002 zinataka fimbo zisizidi nne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini ya maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni: jina, kosa, idadi ya fimbo, aliyechapa. Mpelelezi wako akifungua kitabu akute mvulana kachapwa Jumatatu, ilhali maelezo ya mlinzi yana tarehe ya Jumatano. Aliadhibiwa kabla ya ushahidi! Hapo msomaji atamgeukia mkuu wa shule, mlinzi apate pumzi. Baadaye tujue mkuu alikuwa anaogopa bodi tu.

Na kufukuzwa kusiwe kwa neno moja la mkuu pale mstarini. Suala hilo hupita kwenye bodi, nawe unapata kikao kizima cha watu kudanganyana.

Binti_Dunda
Naongeza moja. Mlinzi anashukiwa kwa sababu anakimbilia kushtaki. Mfanye awe upande wa mtoto: ampelekee maji, aseme "kijana huyu mpole", jina alitaje baada ya kubanwa. Washukiwa watatu wanatosha.

Mkwaju_Mbichi
Asanteni sana. Je, nikiusogeza wizi wiki moja mbele, upishane na mitihani?

Maji_Makupwa
Usithubutu, kaka. Baada ya siku saba ni maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, na saa zake zimehama: saa 4 usiku yatakuwa yamejaa. Ngalawa itaelea kweli, mlinzi awe mkweli. Tena mwezi utachomoza karibu na usiku wa manane, huo uso aliuona kwa taa gani? Sogeza mitihani.