Wahindi, Wasabato, Wasukuma: nani huugua moyo zaidi, na tupime nini hapa Mwanza?

Mhamasishaji_Ilemela
Wakuu, habari za kazi. Naandaa somo la saa mbili kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa kata tatu za huku Ilemela. Mitaani kuna maneno matatu: Wahindi ndio wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, Wasabato hawaugui kwa sababu hawali nyama, na Msukuma wa ugali na dagaa ugonjwa huo haumhusu. Lipi lina ushahidi, lipi la kijiweni? Nimewaza kuchukua daftari la wagonjwa, nihesabu kwa kabila na dini nipate asilimia. Inafaa? Na mhudumu mwenye futi ya fundi cherehani na mashine ya presha apime nini?

Takwimu_Tupu
Hilo la daftari liache kabisa, mkuu. Daftari linakupa waliofika, halikupi walioko mtaani. Kiwango hupatikana kwa kugawanya wagonjwa kwa idadi ya jamii nzima, na sensa yetu haijauliza kabila wala dini tangu 1967. Mwenye gari na bima anafika hospitali. Mvuvi wa kisiwa cha mbali anafia kwake na hakuna aliyeandika chanzo.

Halafu kuna umri, ambao huwapoteza hata wasomi. Tuseme jamii mbili zina watu 1,000 kila moja. Ya kwanza ina wazee wa zaidi ya miaka 60 wapatao 300, ya pili 60 tu. Kote wazee hufa kwa moyo 20 kwa kila 1,000 kwa mwaka, na wasiofika 60 hufa 1 kwa kila 1,000. Piga hesabu: ya kwanza inapata vifo 6.7, ya pili 2.1. Utasema ya kwanza ina ugonjwa mara tatu, kumbe hatari ni ileile na tofauti ni wazee tu. Ukiona takwimu ya kabila au dini ambayo haikusawazishwa kwa umri, usiiweke kwenye somo.

Sasa maneno yako. La Wahindi lina ushahidi. Utafiti wa INTERHEART wa 2004, uliofanyika nchi 52, ulionyesha kuwa watu wa Asia Kusini hupata mshtuko wa kwanza wa moyo wakiwa na wastani wa miaka 53, wengine karibu 59. Lakini utafiti huohuo ulikuta mambo tisa yanaeleza takriban asilimia 90 ya hatari duniani kote: sigara, lehemu (mafuta kwenye damu), presha, kisukari, kitambi, msongo, uchache wa matunda na mboga, kukaa bila mazoezi, na pombe. Yaani wanaumizwa na yaleyale yanayotuumiza sote, ila yanawafikia mapema.

La Wasabato ni nusu kweli. Huko California wamefuatiliwa kwa miaka mingi na kweli hufa kwa moyo kidogo kuliko majirani zao. Kutovuta sigara kunachangia sana. Lakini angalia ripoti ya 1992, ya Wasabato zaidi ya 31,000: waliokula karanga, lozi na kokwa nyingine zaidi ya mara nne kwa wiki walipata mshtuko wa moyo karibu nusu ya waliokula chini ya mara moja. Wote Wasabato, Sabato ileile. Jina la dini halikubadilika, sahani ndiyo iliyobadilika. Wajapani nao waliohamia Hawaii na California waliugua mishipa ya moyo zaidi kuliko ndugu zao waliobaki Japani, na damu ni moja.

Muuguzi_Igoma
Naongezea kwa Msukuma, maana neno hilo linaua watu. Mwaka 2012 ilitoka ripoti ya wagonjwa 1,006 wa moyo kushindwa kufanya kazi katika nchi 9 za Afrika, majirani zetu Kenya na Uganda wakiwemo. Wastani wa umri ulikuwa miaka 52. Mishipa iliyoziba haikufika asilimia 8, ila presha ilisababisha karibu asilimia 45. Kwa hiyo moyo wa mtu wetu unaugua, tena akiwa bado analea watoto. Njia ndiyo tofauti. Presha haiumi, kwa hiyo anakuja miguu imevimba na hawezi kulala bila mito mitatu.

Kupima presha: akojoe kwanza, akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini isipishane, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Asiwe amevuta sigara au kunywa kahawa ndani ya nusu saa. Pima mara mbili, dakika moja katikati. Kosa ninaloliona zaidi ni mkanda mdogo kwenye mkono mnene: namba inapanda bure. Kuuzungushia juu ya sweta nako kunaharibu kipimo. Ikifika 140/90 arudi siku nyingine kabla hamjamwita mgonjwa. Ikifika 180/110 asingoje, apelekwe kituoni siku hiyohiyo.

Kiuno: futi ipite katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ngozi tupu, akiwa ametoa pumzi. Hapa asili ina maana. Mwanamume wa Asia Kusini hatari huanzia sentimita 90, wa kwetu tunatumia 94. Wanawake wote 80. Ndiyo maana Mhindi anayeonekana mwembamba usimruke.

Na watoto wa miaka 5 hadi 15 msiwasahau. Mafindofindo yasiyotibiwa huleta homa ya baridi yabisi, nayo hula valvu za moyo, yaani milango ya kupitisha damu. Hiyo haichagui kabila, inachagua chumba kimoja wanacholala saba. Aliyegunduliwa huchomwa penisilini ya benzathini kila wiki 3 hadi 4 kwa miaka. Akiruka sindano, ugonjwa unarudi.

Mwaloni_Kirumba
Kwenye chakula usiseme "punguzeni chumvi" ukaondoka. Kipimo ni gramu 5 kwa mtu kwa siku, kijiko cha chai kimoja kilichosawazishwa, kila kitu ndani yake. Kayabo peke yake inaweza kukimaliza: ni sangara aliyepasuliwa akalaliwa na chumvi mpaka nyama inakuwa ngumu kama ubao. Iroweke usiku kucha, badilisha maji mara tatu, maji yale usiyapikie mchuzi, na usiongeze chumvi wala kidonge cha kiungo. Dagaa waliokaushwa bila chumvi hawana neno. Chumvi yao ni ile ya mpishi. Kwa nyumba zinazopikia samli, shida kubwa kuliko hiyo samli ni mafuta ya mgando ya kopo na mafuta ya kukaangia sambusa yaliyorudiwa mpaka yamekuwa meusi.

Mhamasishaji_Ilemela
Ahsanteni sana. Basi kwenye fomu niondoe kabisa kabila na dini?

Muuguzi_Igoma
Kabila toa, ila asili ya Asia Kusini weka alama kwa ajili ya kiuno. Ongeza swali hili: baba au kaka alipata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65? Dini badilisha iwe "Unafunga? Lini?" Anayefunga Ramadhani na anatumia dawa za presha aende kituoni wiki 6 hadi 8 kabla, apangiwe dozi za futari na daku. Dawa ya kukojosha akiimeza daku atashinda na kiu, na mchana ataiacha yote.