Wauza mashine za kutotolesha vifaranga Mwanza, mwacheni jogoo wangu

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie. Duka silitaji ili mods wasije wakaufuta uzi, ila wenyewe wakipita hapa watajijua.

Ukienda kununua hizi mashine hapa mjini unapewa kauli mbili. Ya kwanza unapewa kabla hujatoa hela: "Bosi, hii ni otomatiki, inatotoa asilimia 98, wewe kazi yako kuongeza maji tu." Ya pili unapewa hela ikishatulia mfukoni kwao na mayai yakishaoza: "Bosi, jogoo wako hana mbegu." Nimeongea na wafugaji wengine wa Igoma na Kisesa, wote wameambiwa hivyo hivyo. Yaani mkoa mzima majogoo ni wagumba, mashine zote nzima!

Mimi nafuga nyuma ya nyumba, Buhongwa. Mitetea 10, wengi chotara, na jogoo mmoja, uwiano ambao maofisa mifugo wenyewe ndio wanaoshauri. Wanakula pumba, mashudu ya alizeti na dagaa wa mwaloni Kirumba (dagaa ambao lazima niwachekeche kwanza kwa sababu wameanikwa mchangani na ule mchanga nimeulipia kwa kilo, lakini hilo lina uzi wake). Sijawahi kutotolesha kabla ya hapa. Mayai tulikuwa tunakula, mengine yanakwenda kwa majirani.

Mashine ni ya mayai 64. Ina feni, ina mota ya kugeuza mayai, ina kioo kidogo cha namba nyekundu zinazoonyesha joto na unyevu. Laki tatu na ushee. Nilipoomba risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) nikaambiwa nikiitaka inabidi niongeze asilimia 18. Nikaandikiwa kikaratasi chenye muhuri, na chini yake kimechapwa maneno mnayoyajua: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Sasa sikilizeni kisa cha jogoo. Wiki niliyokuwa nakusanya mayai, koo mmoja wa kienyeji alikuwa ameshashika kiota, ukimsogelea anatutumua manyoya na kukudonoa. Mama jirani, Msukuma wa Magu aliyekulia na kuku, akaniambia: "Baba, huyo usimwondoe. Mpe ya kwake, na hicho chombo chako kipe ya kwake, tuone nani mama." Alikuwa anatania. Mimi nikafanya kweli. Mayai 42, yote ya kuku wale wale, jogoo yule yule, hakuna lililozidi wiki moja, hakuna lililoingia friji wala kuoshwa. Mayai 12 akapewa koo, trei nzima ya 30 ikaingia kwenye mashine.

Siku ya 8 nikayapima kwa tochi gizani. Kati ya yale 30 ya mashine, 4 yalikuwa meupe, hayana kitu. Yaliyobaki 26 unaona kabisa mishipa ya damu imetambaa na kidoa cheusi kinachezacheza. Jamani, yai lisilo na mbegu halitoi mishipa. Kwa hiyo kufikia hapo jogoo alikuwa ameshamaliza kazi yake na kusaini.

Yai la kuku linaanguliwa siku ya 21. Mashine yangu ilianza kutotoa siku ya 19. Mtu asiyejua angeshangilia. Vifaranga 7 tu ndio waliotoka, wadogo, wamenyongea, kitovu hakijafunga na kiini kinaning'inia nje, wengine miguu imetanuka hawawezi kusimama. Watatu walikufa siku hiyo hiyo. Mayai mengine nikayasubiri mpaka siku ya 23, nikayapasua. Mengi yalikuwa na kifaranga kamili, ana manyoya, ana mdomo, amekufa ndani ya ganda. Watoto wangu walikuwa wamesimama pale wanasubiri vifaranga, nikawafukuza waende kucheza.

Koo naye? Siku ya 21 asubuhi alikuwa na vifaranga kumi chini ya mbawa. Kumi kati ya 12. Hana feni, hana namba nyekundu, hana asilimia 98.

Kuangua mapema na kitovu kuwa wazi ni dalili inayojulikana: joto lilizidi. Mashine yenye feni inatakiwa ikae kwenye nyuzi 37.5 hadi 37.8. Kile kioo chao muda wote kilisoma 37.7, vizuri kabisa, unakiangalia unaridhika unakwenda kulala. Nikachukua kipimajoto cha homa, kile cha kioo cha kawaida, nikakiweka usawa wa trei. Kikasoma 39.6. Nikajua watasema hicho kinashikilia joto la juu lililopita mara moja tu, au kilikaa karibu na hita. Sawa. Nikaweka glasi ya maji katikati ya trei, nikaifunika kwa nailoni, nikaiacha usiku kucha, asubuhi nikazamisha kipimajoto humo. 39.3. Maji hayapandi na kushuka kila hita inapowaka. Na kile kioo chenye namba nyekundu? 37.7, bila aibu.

Hapo sijagusa betri. Dukani waliniambia umeme ukikatika betri ya ndani inabeba saa nane. Na umeme wa huku kwetu hauhitaji kualikwa ukatike. Betri haikufikisha hata saa moja, nikawa nafunika mashine kwa blanketi la mtoto usiku wa manane.

Nikampigia muuzaji. Kwa heshima kabisa. Nikamtumia picha za tochi, picha ya kipimajoto, picha ya koo na watoto wake. Majibu yake kwa mpangilio: kwanza jogoo hana mbegu. Nikamwonyesha mishipa. Akasema mayai yalikuwa ya zamani. Nikamwonyesha ya koo, ya wiki ile ile. Akasema basi sikuweka maji. Nikamtumia picha ya kioo chake mwenyewe, unyevu 54 siku 18 za mwanzo, halafu 68 zile siku tatu za mwisho, vile vile alivyonielekeza. Akanyamaza siku mbili, halafu akarudi na "Bosi, lakini uchunguze na jogoo." Jogoo tena!

Kinachoniudhi zaidi ya hela ni kwamba hawa ndio walimu wetu. Wana magrupu ya WhatsApp ya "ujasiriamali wa kuku" ambako wanakupigia hesabu: mashine moja, mayai 64, zidisha kwa mizunguko 17 ya mwaka, zidisha kwa bei ya kifaranga, mwakani unanunua gari. Hesabu hiyo haina umeme kukatika, haina ugonjwa wa mdondo, haina mwewe, haina yai viza hata moja. Nilipoweka picha za kipimajoto kwenye grupu, admini, ambaye ni muuzaji yule yule, akanitoa. Mama mmoja wa Sengerema ambaye mashine yake ilimharibia mayai ya kununua, siyo ya kuku wake kama mimi, alikuwa ameuliza swali la adabu kabisa, naye akatolewa. Huyo hela ya mayai aliikopa kwenye kikundi.

Kuna mtu atasema nisingenunua mashine, nisilalamike, kuku wa kienyeji wanajilalia wenyewe. Kweli. Lakini koo mmoja analalia mayai 10 hadi 15, akishaangua anashinda na watoto wake wiki kadhaa bila kutaga. Ndio maana tunanunua mashine. Mashine siyo ujinga. Ujinga ni kumuuzia mtu chombo ambacho kazi yake moja ni kushika joto, na joto lenyewe hakijui.

Ninachotaka ni hela yangu irudi, au mashine inayopima sawasawa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji, na Tume ya Ushindani ipo kwa kazi hiyo, kwa hiyo kikaratasi cha "hairudishwi" wasinitishe nacho. Malalamiko nimeshayaandika, picha zote zipo.

NYONGEZA: Muuzaji kaona uzi. Kanipigia jioni hii, sauti laini, "kaka yangu tusifike huko, lete mashine tukubadilishie sensa, utachangia elfu arobaini na tano tu." Kwa hiyo sensa ni mbovu. Kwa hiyo jogoo amepona ghafla. Na ubovu wao niulipie mimi! Nimemwambia sitoi hata mia, na sensa mpya ataipima mbele yangu kwa kipimajoto changu, siyo chake.

NYONGEZA 2: Aliyeuliza vifaranga wa koo wako wapi: wapo tisa, mmoja kachukuliwa na mwewe. Wa mashine amebaki mmoja, nilimwingiza kwa koo usiku, amempokea.

Mliouziwa mashine za aina hii, nyeupe yenye mfuniko wa kuonyesha ndani, wekeni glasi ya maji na kipimajoto usiku wa leo. Andikeni hapa kioo kinasema ngapi na maji yanasema ngapi. Nakusanya, tupeleke kwa pamoja.