Ushauri: Mafuta ya gari la wagonjwa yameandikwa kutumika, ndugu wa mgonjwa bado wanachangishwa. Nianzie wapi?

Mjumbe wa Kata

Wakuu, habari za jioni. Natokea mkoa wa Mbeya, huku juu ya Uyole tunakolima viazi. Jina la kata na la kituo naomba niyaache. Wananchi walinichagua kuwa mjumbe wa kamati ya usimamizi ya kituo chetu cha afya, na kuna jambo linaninyima usingizi.

Kituo kina gari la wagonjwa. Mafuta yake yamo kwenye bajeti na kamati tunayapitisha kila robo mwaka. Lakini mgonjwa akipewa rufaa ya kwenda mjini, ndugu wanaambiwa mafuta hakuna, jichangeni. Wengine wanatoa elfu hamsini, wengine sabini, na hela inatumwa kwenye simu ya mtu. Risiti hakuna. Juzi jirani yangu ameuza viazi vikiwa bado ardhini, kwa bei ya kutupa, ili mumewe apakiwe. Yule baba alilala kwenye benchi la nje, na baridi yetu mnaijua, hadi hela ilipotimia.

Kwenye kikao nikaomba daftari la safari za gari. Nikapewa bila maneno. Mita ya kilomita ya lile gari imekufa siku nyingi, tarakimu hazisogei, kila aliyepanda ameona. Lakini daftarini kilomita zinapanda safari hadi safari bila kukosea hata moja. Mwandiko mmoja, wino mmoja, kurasa kwa kurasa. Halafu kuna safari za rufaa kwenye tarehe ambazo gari lilikuwa gereji, limewekwa juu ya mawe, linasubiri springi.

Mfawidhi wa kituo ndiye katibu wa kamati yetu. Mwenyekiti ni mtu mzima, mstaarabu, hapendi mivutano. Mimi ni mkulima na wanangu wanatibiwa hapo hapo. Nifanye nini ili wagonjwa wasiumie na mimi nisiumizwe? Nawasilisha.

Mhasibu Mstaafu

Mjumbe, pole, na hongera kwa kulisoma hilo daftari. Nimefanya kazi halmashauri hadi nikastaafu, kwa hiyo nakueleza nilichokiona kwa macho.

Safari moja ya rufaa inaacha alama sehemu tatu. Kuna kitabu cha rufaa cha wauguzi: nani amepelekwa, saa ngapi, kwa tatizo gani. Kuna daftari la safari. Na kuna hati ya mafuta, iwe yametoka GPSA, wakala wa serikali wa ununuzi, au kituo cha mafuta chenye mkataba, yenye tarehe, lita na namba ya gari. Mtu anayeiba mafuta hutengeneza daftari la safari lifanane na hati ya mafuta. Kitabu cha rufaa huwa hakigusi, maana kinakaa wodini na kinaandikwa na zamu tofauti. Hapo ndipo anaponasa.

Usianze na mwaka mzima, utapotea. Chukua mwezi mmoja, panga tarehe kwa tarehe. Kila safari ya rufaa isiyo na mgonjwa kwenye kitabu cha wauguzi, iandike pembeni pamoja na lita zake. Majina na magonjwa ya watu usiyanakili kabisa, tarehe na saa zinatosha. Daftari usiondoke nalo nyumbani. Liombe kama mjumbe, ndani ya kikao, na ombi liingie kwenye muhtasari.

Jambo jingine ambalo wajumbe wengi hawalielewi. Tangu 2017/18 fedha za vituo zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ndiyo inayopitisha mipango na matumizi. Yaani yale mafuta yamepitishwa na ninyi. Mkaguzi wa ndani au wa ofisi ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, akija, mihtasari yenu ndiyo ataanza nayo. Ukinyamaza sasa, kesho utaulizwa ulikuwa wapi.

Dereva wa Nyanda za Juu

Naomba msimwangukie dereva kabla hamjamsikiliza. Mimi naendesha gari la serikali, mkoa mwingine. Gari la wagonjwa linaagizwa kubeba watu wa semina, linaagizwa kubeba saruji. Mafuta ya mwezi yanaisha wiki ya pili, dereva anaambiwa andika rufaa. Akikataa, funguo anapewa mwenzake. Wapo madereva wezi, sikatai, lakini karatasi ya kuomba mafuta haisainiwi na dereva peke yake. Angalia nani aliidhinisha.

Na hiyo mita, gari la serikali hupelekwa TEMESA, wakala wa serikali wa ufundi na matengenezo. Uliza kama kuna barua yoyote iliyowahi kuandikwa ya kuomba itengenezwe. Kama hakuna hata moja, hilo nalo liweke kwenye orodha yako.

Mjumbe wa Kata

Mkuu Dereva, umenisaidia. Yule kijana anayeendesha gari letu ni wa hapa hapa kwetu, na kweli nimewahi kuona gari limeshusha mifuko ya saruji kwa mtu. Sikuliunganisha na mafuta.

Muuguzi Isanga

Wakati mnafuatilia, watu wasiendelee kulala kwenye mabenchi. Kwa mama mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga, kuna m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura, namba 115, kupiga ni bure na usafiri ni bure. Kituo cha uratibu kinatafuta gari la wagonjwa lililo karibu, na likikosekana wanamwita dereva wa jamii aliyesajiliwa, analipwa na mfumo kwa simu. Ndugu hawatoi hata shilingi. Tangazeni kanisani, kwenye vikoba, kwa wahudumu wa afya wa jamii. Akina mama wengi huko vijijini wanachangishwa kwa sababu tu hawaijui hiyo namba.

Kaka wa Mwanjelwa

Hili halipo kwenye magari ya wagonjwa tu. Sisi wa sokoni tunajua moto ni nini, soko la Mwanjelwa hapa Mbeya liliungua 2006, soko la Sido likaungua 2017, watu walibaki na nguo za mwilini. Sasa anakuja mtu amevaa kizibao, anajiita mkaguzi wa zimamoto, anataka hela mkononi na mtungi wa kuzimia moto hata hauangalii. Wenye maduka muwe wakali hapo. Tozo ya serikali ina kontroo namba, yaani namba ya malipo, tarakimu 12 zinazoanza na 99. Hana namba, hana hela.

Mzee wa Tukuyu

Mwanangu, mimi nakushauri busara. Nenda nyumbani kwa mfawidhi jioni, mkae, mwambie watu wanalalamika. Mwenye aibu atajirekebisha, na wewe utabaki na majirani.

Wakili Iringa

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, hapo natofautiana nawe. Ukimwendea mfawidhi jioni, kesho asubuhi kitabu cha rufaa nacho kitakuwa na mwandiko mpya. Busara ya kumwendea mtu nyumbani ielekezwe kwa mwenyekiti, maana yeye anahitaji kuandaliwa asije akashtukizwa kikaoni.

Mjumbe, kisheria haya si makosa ya kuonywa kienyeji. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 ina kifungu cha 22, kutumia nyaraka kumdanganya mwajiri, na cha 28, ubadhirifu. TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, wana ofisi kila wilaya, na namba 113 ni bure. Huna haja ya kuwa na ushahidi uliokamilika. Kuchunguza ni kazi yao, wewe peleka tarehe ulizozioanisha.

Usiweke picha za daftari kwenye makundi ya WhatsApp. Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 inamlinda mtu aliyepeleka taarifa kwa mamlaka husika kwa nia njema. Aliyesambaza mtandaoni hana kinga hiyo, na anaweza kugeuka mshtakiwa yeye.

Mzee wa Tukuyu

Marahaba. La mwandiko mpya sikulifikiria. Basi aanze kwa mwenyekiti.

Mjumbe wa Kata

Nimewasoma wote, ndaga fijo, asanteni sana. Kesho naenda kwa mwenyekiti. Nilikuwa nafikiri niliseme hili kwenye "mengineyo" mwisho wa kikao. Mnaonaje?

Mhasibu Mstaafu

Hapana. Kwenye mengineyo watu wameshashika kofia, katibu ataandika mstari mmoja, "mjumbe aliulizia mafuta." Andika barua kwa mwenyekiti uombe iwe ajenda inayojitegemea: taarifa ya mafuta na safari za gari, pamoja na vitabu vyote vitatu mezani. Usimtuhumu mtu yeyote ndani ya barua. Nakala kwa Mganga Mkuu wa wilaya na kwa mkurugenzi wa halmashauri. Hizo nakala zipeleke mwenyewe masjala, usizipitishe kituoni.

Dereva wa Nyanda za Juu

Na uwaombe wakugongee muhuri wa kupokea kwenye nakala yako, wenye tarehe. Wakikuambia muhuri umefungiwa, subiri hapo hapo mpaka aliyeufungia arudi.