Ushauri: gego la utotoni namba 75, faili za mkono au za mota?

Gego75: Wakuu, habari za kazi. Mtoto wa miaka 5, kilo 16, gego la pili la chini kushoto. Kiini kimekufa, kuna kijipu kwenye ufizi, eksirei inaonyesha weusi katikati ya mizizi ila mizizi yenyewe haijaliwa. Nataka kusafisha mizizi na kuijaza; faili (vijisindano vya kukwangulia ndani ya mizizi) za mkono zipo. Mota nayo ipo, lakini faili zake ni za watu wazima, milimita 25. Nitumie zipi? Huyu mtoto hamalizi nusu saa kitini.

Faili_K: Mkuu, hizo za 25 ziache. Mdomo wa miaka 5 haufunguki kiasi cha kuziingiza zikiwa zimenyooka, na unene wake unaongezeka haraka kuelekea juu, kwa hiyo zinakula ukuta wa ndani wa mzizi, upande unaotazamana na mzizi mwenzake. Pale ni pembamba mno. Ukitoboa, jino limeshakwenda. Za mota zilizotengenezwa kwa watoto, kama Kedo-S, zina urefu wa milimita 16. Faida yake ni muda, na mfereji (tundu la ndani ya mzizi) unatoka na umbo la koni, dawa inajaa vizuri. Ila kwa jino kupona na kudumu, tofauti na mkono haijaonekana wazi.

Gego75: Basi mkono. Niende vipi ndani ya muda huo?

Mizizi_Mitatu: Piga hesabu ya ganzi kabla hujamkalisha. Lidokeini 2%, ukomo miligramu 4.4 kwa kilo: huyu ni miligramu 70. Katriji (kichupa cha ganzi) ya mililita 1.8 ina 36, kwa hiyo mbili nzima ni 72, zinavuka ukomo. Funga raba ya kutenga jino, toa paa lote la chumba cha kiini, tafuta matundu matatu: mawili mbele, moja nyuma (la nyuma wakati mwingine huwa mawili).

Urefu pima kwenye eksirei, punguza milimita 1 hadi 2, weka kizuizi cha mpira kwenye faili. Anza na faili ya aina ya K namba 10 (namba ni unene), kisha 15: robo mzunguko, vuta. Faili ya aina ya H ni ya kuvuta tu, ukiizungusha inakatikia ndani. Ielekeze kuta za nje. Mifereji ya mbele ishia namba 30, ya nyuma 35.

Kila ukibadili faili, osha. Mifereji ya meno haya ni bapa kama utepe, faili ya mviringo haigusi kona zote, iwe ya mota au ya mkono. Kona zinasafishwa na maji ya dawa. Hipokloraiti 1%, sindano yenye tundu la ubavuni, isikwame, sukuma polepole. Ikipenya nje ya ncha, uso unavimba palepale.

Faili_K: Naongeza: kagua sakafu ya chumba. Ikiwa imetoboka, ng'oa. Lakini usikimbilie huko, maana gego la kudumu la kwanza halijatoka; 75 ikiondoka sasa, litaota likisogea mbele na kuziba nafasi ya jino la chini yake. Kijazio kiwe kinacholiwa na mwili: zinki oksaidi na eujenoli, au kalsiamu haidroksaidi yenye iodofomu. Ya kwanza huliwa polepole kuliko mzizi, ya pili mara nyingine huwahi kuliko mzizi. Gataperka (kijazio cha mpira cha meno ya kudumu) marufuku, hailiwi, italizuia jino la kudumu la chini yake. Na taji la chuma siku hiyohiyo ukijaza. Mate yakipenya juu, usafi wote wa chini ni bure.

Gego75: Na usaha ukigoma kukauka?

Mizizi_Mitatu: Usijaze. Kausha kwa vijiti vya karatasi, weka kalsiamu haidroksaidi, ziba kwa muda, arudi baada ya wiki moja au mbili. Kwa mtoto asiyevumilia kiti, kugawa kazi mara mbili hivyo kunakusaidia pia.